Ulinzi Shirikishi wa Bahari (Sehemu ya Tatu): Kufunga Mwamba wa Pweza

Pweza haishi sana. Umri wake ni takriban mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Jike hutaga mara moja tu, huyalinda mayai pangoni bila kula mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Lakini hukua upesi ajabu: mdogo wa nusu kilo akiachwa miezi miwili au mitatu, uzito huongezeka maradufu na zaidi. Maumbile hayo ndiyo msingi wa utaratibu wa kijiji kufunga sehemu ya mwamba wake kwa miezi michache, kisha kuifungua.

Utaratibu huo ulijaribiwa mwaka 2004 Andavadoaka, kusini magharibi mwa Madagaska. Baadaye ulifika Kisiwa Panza huko Pemba, Kizimkazi Unguja na Songosongo wilayani Kilwa. Huko Zanzibar ufungaji husimamiwa na kamati za wavuvi za shehia. Tanzania Bara ni kazi ya BMU (Beach Management Units), yaani vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi vinavyotambuliwa na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003. Wavuvi wenyewe huchagua eneo, huweka maboya na kushika doria kwa zamu.

Doria peke yake haitoshi. Kazi inayostahili heshima kubwa zaidi hufanyika dikoni, kwenye mzani. Kabla ya kufunga na baada ya kufungua, wanakijiji waliofunzwa hupima kila pweza na kuandika uzito, jinsia, mahali alipovuliwa na saa alizotumia mvuvi. Bila kujua saa hizo, shehena kubwa ya siku ya ufunguzi hudanganya: huenda pweza hawakuongezeka, bali wavuvi ndio waliojaa. Mzani huohuo hufichua wanaoleta pweza wa chini ya nusu kilo, ambao kanuni za bara zinakataza.

Mzigo wa kufunga hauwaangukii wote sawa. Mwenye chombo huhamia mwamba mwingine. Mwanamke anayevua kwa miguu maji yakipwa hana pa kwenda. Kamati inayopanga mipaka bila wanawake huwadhulumu, na hujinyima macho ya watu wanaouona mwamba kila bamvua.

Ufunguzi nao una hatari yake. Habari zikienea, wageni humiminika, na akiba ya miezi mitatu huisha kwa siku chache. Kwa hiyo kamati makini huwapa wavuvi wa dago, yaani wavuvi wanaohamahama, masharti mapema, wanapoomba ruhusa ya kupiga kambi, na hukubaliana na vijiji jirani tarehe ya kufungua.