Mistari Imejaa, Video Imekwama: Kweli na Uongo Kuhusu Wifi ya Nyumbani

Kila nyumba yenye ruta ina mtaalamu wake. Mmoja atakwambia simu yako imechoka, mwingine atasema majirani wanakuibia, na wa tatu keshainuka kwenda kuchomoa waya ukutani bila kumuuliza mtu. Madai mengi ya aina hii yanatokana na kudhani kwamba wifi na intaneti ni kitu kimoja. Intaneti ndiyo inayoingia nyumbani, ama kwa faiba ama kwa laini iliyo ndani ya ruta inayowasiliana na mnara. Wifi ni mawimbi ya redio yanayoitoa hiyo intaneti kwenye ruta na kuifikisha kwenye simu au kishikwambi. Kimoja kinaweza kuwa kizima na kingine kibovu, na dawa ya huyu haimtibu yule.

"Mistari ya wifi ikijaa, intaneti iko vizuri."

Si kweli. Mistari ile inapima nguvu ya mawimbi kati ya simu na ruta, basi. Ukikatiwa huduma kwa kutolipa, itabaki imejaa vilevile.

"Nimelipia megabiti 20, kwa hiyo faili la megabaiti 20 lishuke kwa sekunde moja."

Si kweli, na hapa wengi hugombana bure na watu wa huduma kwa wateja. Baiti moja ina biti 8. Gawanya 20 kwa 8, unapata megabaiti 2.5 kwa sekunde. Filamu fupi ya megabaiti 100 itachukua sekunde 40 mambo yakienda sawa kabisa.

"Wifi yangu imeandikwa 5G, kwa hiyo ni ile 5G ya minara."

Si kweli, na hili linastahili kukaa nalo kidogo. Ruta nyingi za siku hizi hurusha mawimbi ya aina mbili, gigahezi 2.4 na gigahezi 5. Ile "5G" iliyo mwishoni mwa jina la wifi inamaanisha gigahezi 5, na haina undugu wowote na kizazi cha tano cha simu.

Mawimbi ya 2.4 yanafika mbali na yanapenya ukuta vizuri zaidi, ila yana msongamano. Kati ya chaneli zake, tatu tu ndizo zinazoweza kutumika pamoja bila kuingiliana: ya 1, ya 6 na ya 11. Fikiria ghorofa lenye familia ishirini, kila mlango na ruta yake, zote ziking'ang'ania chaneli hizo tatu. Ongeza spika za bluetooth, na maikrowevu ya jirani anayepasha moto wali wa jana, maana nayo hufanya kazi kwenye mawimbi hayohayo.

Gigahezi 5 zina nafasi zaidi na kasi zaidi, lakini ukuta ni adui yake. Ukiishi kwenye nyumba ya kale ya Mji Mkongwe, Unguja, yenye kuta nene za mawe na chokaa, utaifaidi sebuleni na chumbani utaitafuta usiione. Basi ukiwa chumba kimoja na ruta, chagua ya 5. Ukiwa vyumba viwili mbali, rudi kwenye 2.4 bila kuona haya.

Tena kuna simu za bei nafuu zisizoijua kabisa ya 5. Ikiwa simu ya mwenzio inaliona jina hilo na yako hailioni, usihangaike na mipangilio, haina uwezo huo. Simu ya namna hiyo yenye antena moja, kwenye wifi ya kizazi cha nne (si 4G ya minara), hufikia megabiti 72 kwenye karatasi, na kwa matumizi halisi ni kama nusu yake. Kuilipia kifurushi cha megabiti 100 ni kutupa hela, labda kama nyumbani kuna wengine wa kuzitumia zilizobaki.

"Mtu mmoja akipandisha picha zake, wengine haiwahusu."

Si kweli. Kila simu inapopakua kitu, hurudisha taarifa ndogondogo kwamba mzigo umepokelewa, na taarifa hizo hupita njia ya kupakia. Sasa mtu karudi harusini na mamia ya picha na video, simu imeshika wifi na imeanza yenyewe kuzihifadhi mtandaoni. Njia ya kupakia inajaa, taarifa za wengine zinasubiri foleni, na mtoto aliyekuwa anatazama katuni kwenye kishikwambi anaanza kulia. Mpangilie mwenye picha azipandishe usiku. Kwa maoni yangu huyu ndiye mshtakiwa wa kwanza kuhojiwa, kabla hata ya kampuni ya intaneti.

"Kuna programu za kuongeza kasi ya wifi."

Uongo mtupu. Programu haiwezi kuiongezea simu antena. Zifute.

"Ruta ikae popote, mradi umeme upo."

Si kweli. Nyumba nyingi huificha nyuma ya televisheni, ikabanwa na king'amuzi na kufunikwa kitambaa cha kufuma ili papendeze. Chuma huakisi mawimbi, maji huyafyonza, na kitambaa huzuia joto kutoka. Iweke juu, mahali pa wazi, katikati ya nyumba kadiri waya unavyoruhusu. Kuhusu kuizima na kuiwasha, hilo ni kweli husaidia, kwa kuwa huanza upya na nyingi huchagua tena chaneli. Ila ukilazimika kufanya hivyo kila siku, tafuta tatizo lenyewe.

"Jirani ananiibia."

Huenda. Chini ya ruta kuna karatasi yenye anwani ya kuingilia mipangilio yake, na humo utaona orodha ya vifaa vyote vilivyounganishwa. Usichokitambua, kitoe kwa kubadili neno la siri. Mara nyingi, lakini, "mwizi" ni mgeni wa Idi iliyopita uliyempa mwenyewe.

"Ikiwa nzito, dawa ni kifurushi kikubwa zaidi."

Mara nyingine kweli, lakini pima kwanza. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, vifaa vingine vikiwa vimezimwa wifi, ufungue fast.com, ukurasa wa Netflix wa kupimia kasi. Kisha upime tena chumbani. Karibu na ruta ni kasi na chumbani ni nzito? Tatizo ni wifi, na kifurushi kikubwa hakitalisogeza. Kote ni nzito, tena kwa simu mbili tofauti? Hapo piga simu kwa kampuni, na uulize pia kama umevuka kiwango cha matumizi, kwani vifurushi vingi vya "bila kikomo" hupunguzwa kasi vikifika mahali fulani. Ni simu moja tu inayosumbua? Zima VPN, sahau mtandao kwenye mipangilio, kisha unganisha upya.

"Kama nchi nzima inalalamika, ni propaganda tu za kampuni."

Si kweli. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa kusini mwa Afrika, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya, Uganda na kwingineko. Siku ya namna hiyo usiguse mipangilio ya ruta, usije ukaharibu kilichokuwa kizima.