Kabureta ya Manyovu na Mteremko wa Kigoma

Bodaboda itokayo Kigoma mjini kwenda Manyovu huanzia kando ya Ziwa Tanganyika, mita 773 juu ya usawa wa bahari, ikapanda hadi milima ya Buhigwe inayopita mita 1,500. Kila mita 100 za kupanda, hewa hupungua uzito kwa karibu asilimia 1. Kabureta haina namna ya kulihisi hilo. Petroli kilo 1 huhitaji hewa kilo 14.7 hivi ili iungue vizuri. Hewa ikipungua, mafuta yanazidi, moshi unakuwa mweusi na plagi inajaa masizi.

Hapo bisibisi hutolewa haraka mno. Skrubu ya hewa inatawala mchanganyiko injini ikinguruma taratibu tu. Pikipiki inayokosa nguvu mlimani, mkono wa mafuta ukiwa umevutwa hadi mwisho, haiponi kwa skrubu hiyo. Hiyo ni kazi ya jeti kubwa na sindano. Na kabla ya hayo kuna chujio la hewa. Vumbi jekundu la kiangazi likiliziba, mafuta yanazidi hata kwenye tambarare. Fundi anayeanza kwa kulitoa na kulisafisha namwamini.

Kuseti kwenyewe kunataka injini iliyopata moto. Skrubu hufungwa hadi iguse bila kukazwa, maana ncha yake ni nyembamba na huharibika upesi, kisha hufunguliwa mzunguko mmoja na nusu. Kutoka hapo izungushwe kidogo kidogo, sikio likitafuta pale mngurumo unapokuwa wa kasi na mtulivu zaidi. Iliyo upande wa chujio, ukiifungua unapunguza mafuta. Iliyo upande wa injini, unayaongeza.

Lakini fundi wa Manyovu amuulize kwanza dereva anapeleka abiria wapi. Akibana mafuta ili pikipiki ipande vizuri, ikishuka Kigoma hewa nzito itakutana na petroli kidogo, injini itachemka na pistoni inaweza kung'ang'ania. Warushaji wa ndege za mfano huliangalia jambo hili: wakishapata mngurumo wa juu kabisa huongeza mafuta kidogo, kisha huinua pua ya ndege juu na kusikiliza kama injini inakosa mafuta. Bodaboda nayo iachiwe ziada hiyo. Baada ya safari ya kwanza ya kushuka, plagi ifunguliwe. Rangi ya kahawia ni salama. Ikiwa nyeupe, klipu ya sindano ishushwe ngazi moja kabla pikipiki haijabeba abiria mwingine.