Uvimbe wa jicho usiopona waweza kuwa saratani

UVIMBE wa kope usiouma, au kidoa cha rangi ya waridi kwenye weupe wa jicho, ni jambo ambalo mkazi wa Mji wa Kale au kwingineko kisiwani Mombasa anaweza kulihusisha na vumbi, mzio au joto la pwani. Mara nyingi huwa si hatari. Hata hivyo, uvimbe ukidumu kwa majuma kadhaa, huenda ukawa limfoma, yaani saratani ya chembechembe nyeupe za damu zinazoukinga mwili.

Kwa watoto, aina inayojulikana zaidi Afrika Mashariki ni limfoma ya Burkitt. Ilielezwa mwaka 1958 na Denis Burkitt, daktari wa upasuaji katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Huvimbisha taya na huweza kulisukuma jicho nje katika muda wa siku chache. Mwaka 1964, watafiti jijini London waligundua virusi vya Epstein-Barr ndani ya uvimbe huo. Takriban kila mtu huambukizwa virusi hivyo bila madhara makubwa. Lakini mtoto anayeugua malaria mara kwa mara, kinga yake huchochewa na kudhoofika, na saratani hupata nafasi. Ndiyo sababu ugonjwa huu umeonekana zaidi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria.

Kwa watu wazima, saratani hii hukua polepole. Kinga inapopambana na adui asiyeondoka, chembechembe zake huzaana mfululizo hadi baadhi zikaasi. Tumboni, adui huyo huwa bakteria wa Helicobacter pylori, wale wale waletao vidonda vya tumbo.

Kuhusu jicho, watafiti wa Italia walitangaza mwaka 2004 kwamba wagonjwa 32 kati ya 40 walikuwa na chembe za urithi za Chlamydia psittaci, bakteria wa kasuku na njiwa. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu kwa dawa ya doksisaiklini pekee. Lakini Marekani, Japani na Cuba bakteria huyo alionekana kwa nadra, hivyo hawezi kulaumiwa kila mahali.

Wakati mwingine adui ni kinga yenyewe. Katika maradhi ya Sjögren, kinga hushambulia tezi za machozi na mate, macho na kinywa vikakauka. Wagonjwa hao wamo katika hatari kubwa zaidi ya kupata limfoma.

Saratani hii haiambukizi, wala hakuna haja ya kuwafukuza njiwa. La muhimu ni kuepuka kujinunulia matone yenye steroidi, kwani huupunguza uvimbe kwa muda na kuuficha ugonjwa. Uthibitisho hupatikana kwa kupima kipande kidogo cha uvimbe maabarani. Mtoto ambaye jicho lake linatokeza apelekwe hospitalini siku hiyo hiyo. Akiwahi matibabu, limfoma ya Burkitt hupona.