Sinki la mkahawa: Pima maji kabla ya kulipa bei

MWENYE mkahawa anapoingia dukani kununua sinki, macho yake hutangulia kwenye mng'ao wa chuma na bei iliyobandikwa. Mjini Kinango, Kaunti ya Kwale, maswali mawili yafaa kutangulia hayo: maji ya kujaza sinki hilo yatatoka wapi, na yakishatumika yatakwenda wapi?

Kinango ni eneo kame. Mvua haitabiriki, na wakazi wengi hutegemea mabwawa, visima na maji ya kununua kwa mitungi. Kwa hiyo, sinki linaloifaa hoteli kubwa ya Diani huenda likawa mzigo kwa mpishi wa Kinango.

Utaratibu unaokubalika wa kusafisha vyombo katika jiko la biashara huhitaji sinki lenye beseni tatu. Ya kwanza ni ya kuoshea kwa sabuni na maji ya moto, ya pili ya kusuuzia, na ya tatu ya kuulia viini. Katika hiyo ya mwisho, vyombo huzamishwa kwa sekunde 30 katika maji ya nyuzi 77 za Selsiasi, au katika maji yenye klorini ya miligramu 50 hadi 100 kwa lita. Sinki la kunawia mikono huwa kando, wala halichanganywi na la vyombo.

Hapo ndipo hesabu inapoanza. Beseni yenye urefu na upana wa sentimita 50 na kina cha sentimita 30 hubeba lita 75. Zikijazwa theluthi mbili tu, beseni tatu za aina hiyo humeza lita 150, yaani mitungi saba na nusu ya lita 20 kila maji yanapobadilishwa. Beseni za sentimita 40 kwa 40 zenye kina cha sentimita 25 huhitaji takriban lita 80, ambazo ni mitungi minne.

Tofauti hiyo si ya fedha pekee. Maji yanapokuwa ghali na beseni ni kubwa mno, mwoshaji huchelewa kuyabadilisha. Vyombo husuuzwa katika maji machafu, na magonjwa kama kipindupindu hupata njia ya kumfikia mteja. Beseni ndogo ambayo maji yake hubadilishwa mara kwa mara ni salama kuliko kubwa iliyojaa uchafu. Kwa sufuria kubwa za pilau, ni afadhali kujenga sinki moja la chini, litumike zinapokuwapo tu.

Jambo la pili ni chuma chenyewe. Maji ya ardhini katika sehemu nyingi za Kinango yana chumvi. Hata jina la Maji ya Chumvi, lililopewa mahali palipo kando ya reli ya zamani ya Nairobi, linashuhudia. Chumvi na klorini hutoboa vishimo katika chuma hafifu, na vishimo hivyo huficha viini. Chuma cha pua cha daraja la 304 hufaa iwapo sinki litasuuzwa na kukaushwa kila jioni. Palipo na chumvi nyingi, au karibu na bahari kama Diani na Msambweni, daraja la 316 hudumu zaidi, ingawa bei yake ni ya juu. Unene wa milimita 1.2 ni wa kutosha kwa mikahawa mingi.

Smaku ndogo husaidia dukani. Ikivutwa kwa nguvu, huenda chuma hicho ni cha daraja la 430, linaloshika kutu upesi. Hata hivyo, smaku isipovutwa haithibitishi ubora, kwa kuwa daraja la 201, ambalo pia ni hafifu, haliivuti sana. Mnunuzi adai daraja liandikwe kwenye risiti.

Tatu ni njia ya kutokea maji. Bomba la milimita 50, lenye mteremko wa sentimita mbili hivi kwa kila mita, halizibi upesi. Chini ya sinki kuwe na kona ya bomba inayobaki na maji ili kuzuia uvundo na wadudu, kisha kisanduku cha kunasa mafuta kabla maji hayajafika shimoni. Mafuta yakipita, huziba udongo na shimo hufurika.

Shimo hilo nalo lichimbwe mbali na kisima, angalau mita 30. Kwenye udongo wa mfinyanzi maji hunywea polepole, hivyo shimo kubwa huhitajika. Pwani, kwenye miamba ya matumbawe, hupita haraka katika nyufa na yaweza kuchafua visima vya majirani. Wahenga walinena kuwa maji hufuata mkondo. Ni wajibu wa mwenye mkahawa kuutengeneza mkondo huo mapema.

Kwa hiyo, aanze kwa kuhesabu mitungi ya siku, achore njia ya maji taka, na amwonyeshe afisa wa afya ya umma mchoro huo kabla ya fundi kuanza kazi. Kubadilisha mstari karatasini hakugharimu chochote. Kufukua sakafu iliyokwisha kumwagwa saruji hugharimu.