Bunduki ya .22 huko Idaho: bei ya dukani si bei yote

Katika jimbo la Idaho, kaskazini-magharibi mwa Marekani, miji ya Boise na Twin Falls ilipokea wakimbizi wa Kongo kwa miaka mingi. Mtu aliyetoka Kivu au Ituri amezoea kuona bunduki mikononi mwa askari na waasi. Kule anaikuta dukani, hatua chache tu kutoka kwenye viatu vya mvua na ndoana za samaki. Jirani yake anakwenda kuwinda sungura na watoto, siku moja anamwalika. Baadaye linakuja swali la pesa: akitaka yake mwenyewe, anunue ipi?

Mara nyingi ataambiwa aanze na bunduki ndogo inayopiga risasi ya .22 Long Rifle. Risasi hiyo ilitoka mwaka 1887 katika kampuni ya Stevens ya Marekani, ingawa wazo lake ni la Mfaransa Flobert, fundi wa bunduki wa miaka ya 1840. Haina mshindo mkubwa begani, kelele yake ni ndogo, na ni ya bei nafuu kuliko karibu risasi nyingine zote.

Unafuu huo una sababu, na sababu hiyo ndiyo pia chanzo cha matatizo yake. Katika kartushi ya kalibre 12 ambayo wawindaji wa kwetu wanaijua, fataki imewekwa katikati ya kitako cha ganda. Kwenye .22, dawa ya fataki imesambazwa ndani ya ukingo wa ganda lenyewe, na pini ya bunduki inaponda ukingo huo. Ganda ni jembamba na rahisi kutengeneza, lakini likishapigwa halijazwi tena. Na kama dawa haikufika sawasawa pande zote, pini inaweza kugonga mahali pakavu: risasi inagoma. Kwa hiyo hata bunduki nzuri sana ya .22 itagomewa na risasi mara moja moja.

Upande wa bunduki, mnunuzi anachagua kwanza namna ya kuikoka. Bunduki inayokokwa kwa mkono kila risasi, kama Savage Mark II au Ruger American Rimfire, ina vyuma vichache vinavyotembea, na inakubali karibu kila aina ya risasi, ya haraka na ya polepole. Kwa mtu mwenye pesa kidogo anayetaka kitu kisichomsumbua, hiyo ndiyo chaguo la busara. Mpya hupatikana kwa dola mia mbili na kitu hadi mia tatu na kitu, kutegemea duka na umbo. CZ 457 ya Jamhuri ya Cheki ni nzuri zaidi kwa kulenga, ila bei inapanda sana.

Vijana wengi hupenda ile inayojikoka yenyewe. Ruger 10/22, iliyoanza kuuzwa mwaka 1964, ndiyo maarufu kuliko zote; kisanduku chake kinabeba risasi 10, na vipuri vyake viko kila mahali. Marlin Model 60 ilikuwa mshindani wake wa bei ya chini tangu 1960. Leo inatafutwa zaidi kwa mkono wa pili, na si aibu kuinunua hivyo, mradi mtu aangalie ndani ya mtutu kwa taa, akague kutu, na aone kama ukingo wa chemba haujapondeka kwa sababu ya kufyatuliwa mara nyingi bila risasi. Kwa mtoto anayejifunza kuna Savage Rascal, inayobeba risasi moja tu kwa wakati mmoja na yenye uzito wa kilo moja na kidogo.

Kosa la wengi ni kumaliza pesa zote kwenye bunduki, kisha kununua ndoo ya risasi za bei ya chini kabisa. Risasi za jumla huuzwa takriban senti 6 hadi 10 moja. Za kulengea mashindano, kama zile za Eley ya Uingereza, zinaweza kugharimu mara kadhaa zaidi. Katikati ya hizo kuna risasi za CCI, kiwanda ambacho kiko hapohapo Idaho, mjini Lewiston. Mini-Mag yake ina risasi ya gramu 2.6 inayotoka kwa kasi ya mita 376 kwa sekunde. Ile ya kasi ya kawaida inatoka kwa mita 326, chini kidogo ya kasi ya sauti.

Tofauti hiyo inaonekana ndogo, lakini ina maana. Risasi ya polepole haipasui hewa kwa kishindo, na mara nyingi inalenga vizuri zaidi kwa umbali wa mita 50. Lakini bunduki inayojikoka inahitaji nguvu ya kurudisha chuma nyuma, na baadhi yake hukwama zikilishwa risasi za polepole. Hizo hupendelea Mini-Mag na wenzake.

Tena, bunduki mbili za aina moja, kutoka kiwanda kimoja, zinaweza kupenda risasi tofauti. Hakuna kitabu kitakachomwambia mtu ipi inafaa yake. Njia ni kununua visanduku vidogo vya risasi 50, vya aina nne au tano, na kupiga tano-tano za kila aina kwenye karatasi, bunduki ikiwa imeegemezwa. Aina inayokusanya matundu pamoja ndiyo ya kununua kwa wingi. Mwaka 2013, na tena 2020 wakati wa Corona, risasi za .22 zilipotea madukani, kwa hiyo wawindaji wengi huweka akiba.

Risasi ikigoma, mtu asifungue haraka. Mtutu unabaki umeelekezwa mahali salama, anangoja nusu dakika, ndipo anaitoa. Na udogo wake usimdanganye: ikipigwa juu kwa pembe inaweza kufika zaidi ya kilomita 2. Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa kitu hiki na kwa madini yake, na madini hayo ni sumu. Mikono inaoshwa kabla ya kula.

Kuhusu sheria, mkimbizi aliyepokelewa rasmi hakatazwi kwa sababu ya ukimbizi wake. Anahitaji miaka 18, makaratasi ya kuonyesha anakaa jimboni, na dukani anajaza fomu 4473 kabla ya kuchunguzwa na mfumo wa FBI. Aliye na viza ya utalii au masomo kwa kawaida hakubaliwi, isipokuwa mambo machache kama kuwa na leseni halali ya kuwinda. Fomu inauliza pia juu ya bangi, hata kama mtu aliivuta jimbo jirani ambako inaruhusiwa. Kumnunulia rafiki anayekatazwa, ukisema ni yako, ni kosa la jinai, na kwa asiye raia kosa la silaha linaweza kuleta kufukuzwa nchini.

Aliyezaliwa baada ya tarehe 1 Januari 1975 lazima asome kozi ya uwindaji kabla ya leseni ya Idaho. Na .22 ni ya sungura na wadogo wenzake; kulungu na elki hawawindwi nayo.

Wengine hufikiri wataipeleka nyumbani siku ya kurudi. Kuitoa Marekani kunadai ruhusa, na Kongo, sheria namba 85-035 ya tarehe 3 Septemba 1985 inadai ruhusa ya serikali kwa silaha na risasi. Bunduki isiyo na makaratasi huko haitaulizwa kama ni ya sungura.