Hospitali Haitafuti Faida, Mbona Tunalipa?

Swali linalorudi kila mara Majengo ni hili: hospitali ni ya kanisa, haitafuti faida, mbona tunalipishwa? Ni swali la haki, na anayeliuliza hastahili kujibiwa kwa mkato.

Majengo ni eneo la afya ndani ya zoni ya afya ya Karisimbi, hapa Goma, mojawapo ya zoni zaidi ya 500 za nchi yetu, Kongo. Mfumo huu wa zoni ulipokuwa ukijengwa miaka ya 1980, makanisa yalikuwemo tangu mwanzo. Mradi wa SANRU, ulioanza 1981 pamoja na Kanisa la Kristo Kongo, ulizisaidia zoni nyingi za vijijini kusimama. Vivyo hivyo hapa mjini, Hospitali ya Virunga, mali ya Wabaptisti wa CBCA, ndiyo hospitali kuu ya rufaa ya zoni ya Karisimbi. Jengo ni la kanisa, kazi ni ya umma.

Kutotafuta faida maana yake ni kwamba pesa ikibaki, hakuna mwenye hisa anayegawiwa. Gharama ziko palepale. Wauguzi wengi wa Kongo hawauoni mshahara wa serikali, au wanaona kidogo tu, kwa hiyo prime (posho) yao hutoka kwenye pesa unayoacha dirishani. Humo humo hutoka dawa na mafuta ya jenereta. Mfadhili akija, bei hushuka. Akifunga mizigo, hupanda. Na hapa ndipo roho inaponiuma: katika nchi hii mama anaweza kujifungua salama kisha akazuiliwa wodini na kichanga chake kwa sababu ya deni. Silitetei jambo hilo hata kidogo.

Lakini nguvu ya mfumo huu haiko wodini, iko mtaani. Goma imekaa juu ya mawe ya volkano. Kuchimba choo ni kazi ya sululu na jasho, na maji mara nyingi huja kwa bidoni. Kipindupindu tunakijua. Julai 1994 kiliua maelfu ya wakimbizi hapa, na hakijawahi kutuacha kabisa. Anayekiona kwanza ni reko, yule jirani anayejitolea kupita nyumba kwa nyumba. Akisikia mtu anaharisha maji meupe kama yaliyooshea mchele, hangoji kesho, maana mgonjwa anaweza kukauka na kufa kwa saa chache. Pakiti ya chumvi ya kurudisha maji mwilini ikikosekana, hukoroga lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vya kusawazishwa. Mgonjwa hunywa kidogo kidogo huku akipelekwa kituo cha afya, bila kungoja apate nafuu kwanza. Kituo kikishindwa, muuguzi huandika barua ya transferi kwenda hospitali.

Ngazi hiyo ina maana yake. Homa ambayo kituo kingeitibu ikipandishwa moja kwa moja hadi hospitali, inachukua nafasi ya mama anayehitaji kupasuliwa usiku huo, na mwenye homa mwenyewe analipa zaidi.

Kuna mlango mmoja ambao wengi wetu hatujaugusa: CODESA, kamati ya maendeleo ya eneo la afya. Wajumbe wake hutoka kwa wakaaji wenyewe. Kazi yao ni kukaa na muuguzi mkuu wa kituo, yule tunayemwita IT, kutazama kilichoingia na kilichotoka, kuhesabu dawa, kujadili bei na kusema ni nani kweli hana uwezo wa kulipa. Mahali kamati imelala, bei hupangwa bila sisi, na fukara wa mtaa hana wa kumsemea.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukipita kituoni wiki hii, tazama kama bei zimebandikwa ukutani. Kisha muulize IT mwenyekiti wa CODESA ni nani na wanakutana lini. Siku hiyo uende.