Winga Mpya na Macho ya Mashabiki

Mtu akipita katika Soko la Majengo jijini Dodoma siku moja baada ya mechi ya Simba na Yanga, hatakosa kusikia mabishano. Dodoma ina uwanja wake wa Jamhuri na timu yake, Dodoma Jiji, iliyoanza kucheza Ligi Kuu msimu wa 2020/21. Hata hivyo wakazi wake wengi wamegawanyika kati ya klabu mbili za Dar es Salaam: Yanga, iliyoanzishwa mwaka 1935, na Simba, iliyoanzishwa mwaka 1936. Mabishano huwa makali zaidi pale mchezaji anapohama kutoka klabu moja kwenda kwa watani wa jadi. Akipoteza mpira mara mbili tu, wenyeji wake wapya hunong'ona kwamba ametumwa kuwahujumu, na wale aliowaacha husema walijua zamani kwamba amekwisha.

Katika makala hii tutajaribu kujibu maswali mawili. La kwanza, je, mashabiki wanapomtazama mchezaji wa aina hiyo, wanaona nini hasa? La pili, ni baada ya mechi ngapi mtu anaweza kutoa hukumu yenye haki?

Mchezaji mmoja, hukumu nyingi

Mfano ulio bora ni ule wa Bernard Morrison, winga kutoka Ghana. Alijiunga na Yanga mwezi Januari 2020, na tarehe 8 Machi mwaka huo alifunga, kwa mpira wa adhabu, bao pekee lililoipa Yanga ushindi dhidi ya Simba. Mwezi Agosti mwaka uleule Simba ilitangaza kumsajili. Ukazuka mgogoro juu ya mkataba wake. Kamati ya Shirikisho la Soka Tanzania iliona kwamba mchezaji yuko huru, na Yanga ilipolipeleka shauri hilo katika Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo nchini Uswisi, haikufanikiwa. Mwaka 2022 Morrison alirejea Yanga.

Katika muda usiozidi miaka mitatu, basi, mtu huyo alikuwa shujaa wa upande mmoja, kisha msaliti wake, kisha mwenzao tena. Miguu yake ilikuwa ileile, na ufundi wake wa kumzunguka beki ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni rangi ya jezi. Mabishano ya namna hiyo yalirudi mwezi Julai 2024, kiungo wa Zambia, Clatous Chama, alipohama kutoka Simba kwenda Yanga.

Jicho halitazami peke yake

Yaweza kudhaniwa kwamba shabiki anayemsema vibaya mchezaji wa upande wa pili anasema uongo kwa makusudi. Utafiti wa saikolojia waonyesha jambo la kushangaza zaidi: aghalabu anasema kweli kama alivyoiona yeye.

Mwezi Novemba 1951 timu za vyuo vikuu viwili vya Marekani, Princeton na Dartmouth, zilicheza mechi ya kandanda ya Kimarekani iliyojaa ubabe. Mchezaji nyota wa Princeton alitolewa akiwa amevunjika pua, na baadaye mchezaji wa Dartmouth akavunjika mguu. Wataalamu wawili, Albert Hastorf na Hadley Cantril, waliwaonyesha wanafunzi wa vyuo vyote viwili filamu ya mechi hiyo na kuwataka wahesabu makosa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 1954. Wanafunzi wa Dartmouth waliona timu yao ikifanya makosa 4.3 kwa wastani, lakini wale wa Princeton waliona Dartmouth ikifanya makosa 9.8. Filamu ilikuwa moja, na kila mtu alikuwa na macho mazima, ila kila kundi liliona mchezo wake.

Hata uhusiano mdogo sana watosha kuleta upendeleo. Mwaka 1970 Henri Tajfel wa Chuo Kikuu cha Bristol, Uingereza, alieleza majaribio yake juu ya wavulana wa shule wenye umri wa miaka 14 na 15. Aliwaambia kwamba wamegawanywa kwa jambo lisilo na maana, kama vile namna walivyokadiria idadi ya nukta. Hata hivyo, walipoombwa kuwagawia wenzao malipo, wengi waliwapendelea wa kundi lao. Ikiwa nukta zaweza kufanya hivyo, klabu ambayo mtu ameirithi kwa baba yake itafanya makubwa zaidi.

Mechi moja ni sampuli ndogo

Tuseme sasa kwamba tumempata shabiki asiye na upendeleo wowote. Bado kuna kikwazo cha pili, nacho ni bahati.

Tuchukue winga wa kubuni ambaye, kwa muda mrefu, krosi zake 3 katika kila 10 humfikia mwenzake. Katika mechi yake ya kwanza anapiga krosi 5. Kwa kila krosi, uwezekano wa kushindwa ni 0.7. Uwezekano wa kushindwa zote tano ni 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7 × 0.7, yaani takriban 0.17. Mwanafunzi aliyesoma hesabu za uwezekano aweza pia kuthibitisha kwamba uwezekano wa kufaulu krosi 3 au zaidi kati ya hizo 5 ni takriban 0.16.

Maana yake ni hii: katika kila mechi 100 za kwanza za winga huyo huyo, mara 17 hivi angeonekana hafai kabisa, na mara 16 hivi angeonekana ni wa ajabu. Uwezo wake haukuongezeka wala kupungua. Lakini akisubiriwa hadi apige krosi 100, zitakazofaulu zitakuwa kati ya 21 na 39 katika takriban visa 95 kwa kila 100. Hapo ndipo uwezo wake wa kweli unapoanza kujitokeza. Kwa krosi 5 kwa mechi, hizo ni mechi 20.

Mkulima wa uwanda wa kati analijua jambo hili bila kuandika hesabu. Dodoma hupata msimu mmoja wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, na mvua hiyo hubadilika sana mwaka hata mwaka. Hakuna mzee wa Bahi au Mpwapwa atakayesema mwaka ni mwema kwa kuona mvua ya kwanza. Waliosahau busara hiyo walikuwa wageni. Mwaka 1946 ujumbe wa wataalamu kutoka Uingereza ulizunguka Afrika Mashariki kwa majuma machache, na mwaka 1947 mradi mkubwa wa karanga ukaanzishwa Kongwa, pasipo kumbukumbu za kutosha za mvua za hapo. Ukame na udongo mgumu ulikuwa miongoni mwa sababu zilizouangusha. Mwaka 1951 mradi uliachwa, baada ya mamilioni ya pauni kupotea.

Kurudi kwenye wastani

Kikwazo cha tatu kiligunduliwa na Francis Galton wa Uingereza. Mwaka 1886 alionyesha kwamba watoto wa wazazi warefu sana, kwa wastani, huwa warefu, lakini si kwa kiasi cha wazazi wao: huelekea kwenye wastani wa watu wote. Kanuni hiyo huonekana popote pale ambapo uwezo umechanganyika na bahati.

Klabu haimsajili winga wa wapinzani akiwa katika kipindi chake kibaya. Humsajili akiwa amefunga na kutamba, wakati ambapo aghalabu uwezo na bahati vimekutana. Bahati ikipungua, mchezo wake hushuka kidogo, hata kama hakuna aliyemhujumu wala kumroga. Kinyume chake pia ni kweli: akizomewa baada ya mechi mbaya kupita kiasi, yaelekea mechi inayofuata itakuwa afadhali. Mashabiki watajisifu kwamba zomeo ndilo lililomrekebisha.

Hapa walimu hatuna budi kujitazama. Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, amesimulia jinsi wakufunzi wa marubani nchini Israel walivyomhakikishia kwamba karipio hufaa kuliko sifa: aliyekaripiwa kwa kuruka vibaya huruka vizuri baadaye, na aliyesifiwa huharibu. Kahneman aliona kwamba wakufunzi walikuwa wakitazama kurudi kwenye wastani tu. Ni wanafunzi wangapi wameadhibiwa kwa sababu alama zao zilipanda baada ya adhabu, zikaonekana ni ushahidi kwamba adhabu inafundisha?

Jaribio kwa darasa

Jambo hili laweza kupimwa shuleni kwa gharama ndogo. Chagueni mechi ya shule, au mechi ya ligi iliyorekodiwa, na mchezaji mmoja wa kutazamwa.

Kwanza, kabla ya mchezo kuanza, kubalianeni kwa maandishi nini kitahesabiwa: krosi zilizomfikia mwenzake, mipira iliyopotezwa, mabeki waliopitwa. Pili, kila mwanafunzi aandike klabu anayoipenda katika karatasi yake. Tatu, kila mmoja ahesabu peke yake bila kuzungumza, maana mtu mmoja mwenye sauti kubwa aweza kuyavuta macho ya darasa zima. Nne, tafuteni wastani wa kila kundi na mlinganishe. Tano, rudieni kwa mechi kumi, mchore grafu, na mwone jinsi wastani unavyoyumba katika mechi za mwanzo na kutulia baadaye.

Hakuna anayemtaka shabiki aache kuimba. Ushabiki ni furaha, na uwanja usio na kelele hauna ladha. Lakini winga anayezomewa anafanya kazi, na hukumu ya mechi mbili yaweza kumpotezea kazi hiyo. Vivyo hivyo, mwanafunzi aliyehamia kutoka shule nyingine hufika darasani akiwa na jina la shule yake ya zamani, na mtihani wake wa kwanza husomwa kwa macho ya ushabiki. Naye anastahili kuhesabiwa krosi zake mia moja.